Mkono wa Kanzu: Mazungumzo juu ya Rafiki Anayejijeruhi





Awali ya yote naishukuru Kamati ya Maandalizi kwa kunipa nafasi hii ya baada ya chakula cha mchana, saa ambayo kila aliyekula pilau ile angependelea kujinyoosha. Katika mikutano iliyopita tumezungumzia nasaba yetu, ada za masomo ya watoto, mfuko wa mazishi na bei za tiketi. Hayo yote ni ya lazima. Mimi niliomba nizungumze jambo ambalo halijapata kutajwa mbele ya mkutano wetu, na Kamati ikakubali, ingawa mjumbe mmoja aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Maudhui yangu ni kujijeruhi. Yaani mtu kuudhuru mwili wake mwenyewe kwa makusudi, mara nyingi kwa siri, kwa sababu ya dhiki aliyonayo moyoni. Maneno yangu zaidi ni kwa yule aliye jirani na mtu huyo: rafiki, mwenzi wa chumba, binamu, mtu ambaye siku moja bila ya kutarajia anaona asichotakiwa kukiona. Ikiwa yumo humu ukumbini mwenye dhiki yenyewe, naye na asikilize. Hatasikia kwangu neno la kumfedhehesha.

Sababu ya kulichagua jambo hili ni simu. Miezi kadhaa iliyopita binti mmoja wa ukoo wetu, ambaye ameniruhusu niseme haya bila ya kumtaja jina wala mji, alinipigia kutoka mbali alikozaliwa. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kusitasita: "Babu, ukijua mtu anajiumiza mwenyewe, unamwambia nani?" Nikamwuliza kama mtu huyo ni yeye. Akasema si yeye, ni rafiki yake wa skuli, naye amemwahidi rafiki huyo kwamba hatamwambia mtu yeyote. Nilinyamaza kitambo, hata akadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nimerudi nyuma zaidi ya miaka 30, katika fleti ya vyumba viwili iliyokuwa hapa hapa Qurum, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka mahali tulipokaa sasa.

Wengi wenu mnajua kwamba niliondoka Unguja mwaka 1984, nikiwa na umri wa miaka 25, nikaajiriwa wizarani hapa Muscat. Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha chuoni. Nikiweza kukisomea Msahafu lakini sikiwezi kukinunulia samaki. Mwaka 1991 mke wangu alikuwa bado Unguja akingojea makaratasi, nami nikakaa fleti moja na mwenzangu wa kazini, Mzanzibari kama mimi, aliyenitangulia kwa umri mwaka mmoja na kunifuata kwa kuhama miaka miwili. Nitamwita Sahibu. Alikuwa mcheshi wa ofisi nzima. Mkurugenzi wetu, mtu asiyecheka, alikuwa akimwita chumbani kwake kwa kisingizio cha faili ili apate kuchekeshwa.

Mwaka ule mama yake Sahibu alifariki. Simu ilimfikia jioni, na mazishi yalikuwa yameshafanyika alasiri. Hakupata kumwona, wala kumsalia jeneza lake, wala kutia udongo. Tulimsomea khitma pale fletini, watu wakaja, wakala, wakaondoka. Baada ya wiki mbili Sahibu alirudi katika ucheshi wake, tena ukazidi, nami nikamshukuru Mungu nikasema mwenzangu ana moyo wa chuma.

Sasa nataka mzingatie kitu kimoja kidogo, maana ndicho kilichonifundisha. Vazi letu la kazini hapa ni kanzu nyeupe ya mikono mirefu. Katika joto la mwezi wa Juni, popote pengine duniani mtu aliyefunika mikono yake yote angeulizwa. Hapa sote tumeifunika. Kwa hiyo kanzu haikunionyesha chochote. Kilichonionyesha ni udhu. Mtu anapotawadha lazima akunje mikono ya kanzu mpaka juu ya viwiko, na kwa miaka yote Sahibu nami tulitawadha pamoja, ofisini kwenye mifereji, nyumbani kwenye beseni moja, tukigombania maji. Ghafla akawa hatawadhi na mtu. Nyumbani alijifungia bafuni. Ofisini, adhuhuri ikifika, husema tayari ana udhu. Nami, Mungu anisamehe, nilidhani amezidi ucha Mungu, nikaona haya kwa upungufu wangu.

Usiku mmoja mlango wa chumba chake haukufungika vizuri, nikauona mkono wake. Sitaeleza nilichokiona wala kilifanywa kwa kitu gani. Habari hizo hazina faida kwa mtu yeyote, na wapo watu ambao kuzisikia tu kunaweza kuwadhuru.

Nitaeleza nilichokifanya mimi, kwa sababu nilikosea, na makosa yangu ni ya kawaida sana. Nimeyaona yakirudiwa na watu wema kuliko mimi.

Kwanza nilimhubiria. Nilimsomea aya nilizozijua, nikamweleza kwamba mwili ni amana na kwamba anacheza na moto wa akhera. Yote niliyoyasema yaliandikwa vitabuni, naye aliyajua kuliko mimi, maana babu yake alikuwa mwalimu wa chuo. Hakunijibu. Aliinamisha kichwa kama mtoto anayengoja bakora.

Pili, nilimletea Msahafu nikamtaka aape kwamba hatarudia tena. Akaapa. Nililala usiku ule usingizi mzuri, kama mtumishi aliyefunga faili.

Tatu, yeye naye aliniomba niape kwamba sitamwambia mtu hata mmoja, nami nikaapa bila ya kufikiri, kwa kuwa niliona ni stara. Ndugu zangu, stara ni jambo tukufu katika mila yetu, na Mwenyezi Mungu atusitiri sote. Lakini kumsitiri mtu ni kumkinga na macho ya watu, na tangu usiku ule nilimwacha Sahibu peke yake na lile linalomuua, nikaita kitendo hicho stara.

Ilipita miezi minne. Nilikuwa nikimtazama usoni kila asubuhi na kuona hakuna tatizo. Mara moja moja nilimwuliza, "Vipi, yale mambo yamekwisha?" naye akasema yamekwisha. Tazameni swali lenyewe lilivyokaa: jibu nilikwisha mpa ndani yake.

Kisha Alhamisi moja, ambayo wakati ule ilikuwa siku ya mapumziko hapa Oman, nilimkuta anakunja nguo zake. Akasema anahama. Nikamwuliza nimemkosea nini. Akanijibu maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Nimeivunja yamini yako. Siwezi kukaa nyumba moja na yamini." Angalieni alivyosema, yamini yako. Ile ilikuwa yangu. Niliitaka mimi, ili nipate usingizi mimi. Yeye iliyomfikia ilikuwa ni mzigo wa pili juu ya mzigo wa kwanza: zamani alikuwa akificha jeraha, sasa anaficha jeraha na kiapo kilichovunjika, na mtu wa pekee ambaye angeweza kumwambia ndiye ambaye hawezi kumtazama.

Sikuwa na la kusema. Nilimwambia aziache nguo, twende tukatembee. Tukateremka kuelekea khori, penye mikoko. Vijana mliozaliwa nje huenda hamjui kwamba Qurum yenyewe imepewa jina kwa mikoko hiyo. Jamii yake iliyoko hapa Oman ni moja tu, ile tunayoiita mchu kwetu pwani, wenye vijiti vya mizizi vinavyochomoza matopeni kama vidole, na majani ambayo ukiyagusa ulimi yana chumvi, kwa sababu mti huitoa chumvi ya bahari kupitia majani yake. Siku hizi ni hifadhi inayotambuliwa kimataifa, mwaka 2013 iliingizwa katika orodha ya ardhi oevu ya Ramsar, ya kwanza kwa nchi hii. Mwaka ule wa 1991 kwetu sisi ilikuwa ni mahali panaponuka kama nyumbani. Tulikaa hapo kutoka alasiri mpaka karibu na magharibi, na kwa mara ya kwanza nilinyamaza.

Alizungumza yeye. Alisema tangu khitma ile kuna kitu ndani yake hakina mwanzo wala mwisho, na maumivu ya mwili angalau yana mwanzo na yana mwisho. Akasema faraja yake ni ya dakika chache na aibu yake ni ya siku nzima, na kwamba aibu hiyo ndiyo inayomrudisha tena kulekule. Alisema kila akinichekesha huwa ananichunguza aone kama nimegundua, na nilipokuwa sikugundua alifurahi na kuumia kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia kisa cha ajabu. Kilikuwa kisa cha mtu aliyekosa kutia udongo katika kaburi la mama yake.

Kisha nikamwuliza swali ambalo nililiogopa kuliko yote. Nilimwuliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Niliogopa kwamba nikilitamka nitampandia fikra asiyokuwa nayo. Leo najua kwamba utafiti wa wataalamu umeonyesha kinyume chake: kumwuliza mtu kwa upole na uwazi hakumtii fikra hiyo, na mara nyingi humpunguzia mzigo. Wengi wanaojijeruhi hawakusudii kufa. Wanatafuta kuistahimili siku. Lakini haifai kujitia matumaini kwa hilo, kwa sababu wataalamu haohao wanaeleza kwamba mtu anayejijeruhi yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa kujiua kuliko asiyefanya hivyo. Ndiyo maana ni lazima kuuliza. Sahibu alikaa kimya, halafu akasema: "Usiku mwingine, ndiyo."

Tuliporudi tuliviondoa nyumbani vitu vyote vya hatari tukavipeleka kwa jirani, bila ya maelezo. Nilitandika godoro ukumbini mbele ya mlango wake. Asubuhi tulikwenda hospitali pamoja. Nilijaza fomu ya likizo ya dharura, na kwenye sababu nikaandika "mgonjwa wa nyumbani". Katika utumishi wangu wote nimejaza fomu nyingi za serikali, na ile ndiyo pekee iliyonitoa jasho.

Sitawaficha kwamba mtu wa mwanzo aliyetupokea, katika sehemu ambayo sitaitaja, alimtazama Sahibu akasema, "Mtu mzima, Mwislamu, unajifanyia haya?" Sahibu alisimama ili aondoke. Nikamshika kiwiko. Nilijisikia aibu kubwa, kwa sababu yule bwana alikuwa akiikariri hotuba yangu mwenyewe ya miezi minne kabla, neno kwa neno. Tukangoja saa mbili. Daktari aliyekuja baadaye alifunga mlango, akamwambia Sahibu akae, akamwuliza habari za mama yake. Matibabu yake yalianza pale. Yalikuwa ya mazungumzo na kwa kipindi fulani ya vidonge, nayo yalichukua karibu miaka mitatu.

Ile yamini nayo ilibaki kati yetu. Mimi si mwanachuoni. Tulimwendea shekhe mmoja tukamwuliza kuhusu kafara bila ya kumweleza yamini ilihusu nini, naye kwa hekima yake hakuuliza. Alitueleza kwamba aliyevunja kiapo huwalisha au huwavisha maskini kumi, na asiyeweza hufunga siku tatu. Nikamwambia Sahibu kwamba mlo huo tutaulipia nusu kwa nusu, kwa kuwa aliyeapa ni yeye na aliyeapisha ni mimi. Tulipika biriani katika sufuria la kuazima, tukawapelekea vibarua kumi waliokuwa wakijenga jengo la jirani. Tulipokuwa tukisugua sufuria usiku, Sahibu alikunja mikono ya kanzu yake mbele yangu, na hakuna aliyesema kitu.

Siku hiyo tulifanya mapatano mapya. Sikumtaka tena aahidi kuacha. Nilimtaka aahidi kuniambia: kabla ikiwezekana, baada ikishindikana, na kwamba kwa vyovyote sitamhubiria. Kuacha hakukuwa katika uwezo wake kwa wakati ule. Kuniambia kulikuwa katika uwezo wake. Tuliweka maneno maalumu. Akija mezani kwangu ofisini akasema, "Twende tukatazame mikoko," nilijua, nami nilifunga faili. Kuna wiki alikuja mara tatu. Kuna miezi hakuja kabisa. Alirudi nyuma mara kadhaa, na mara zote hizo aliniambia, nami nilijifunza kujibu kwa maneno mawili: "Ahsante. Twende." Kama kuna jeraha la kutibiwa, tulianzia huko.

Na mimi nilichoka. Hili nalisema kwa vijana hasa, kwa sababu rafiki mwema hudhani kuchoka ni usaliti. Baada ya miezi miwili nilikuwa silali, nasikiliza mlango. Nilikuwa nimejifanya daktari, polisi na mama. Nilimwambia Sahibu kwamba ile ahadi yangu ya kutomwambia mtu siiwezi, na nikamtaka achague yeye mtu mmoja tutakayemwambia. Alimchagua bibi mmoja wa ukoo wetu aliyekuwa akikaa Ruwi, marehemu sasa, Mungu amrehemu. Wengi wenu mlikula kwake. Tulimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama Sahibu anapenda mkate wa ufuta. Kuanzia hapo kila Jumatano jioni mkate uliletwa, nami usiku huo nilikwenda kulala kwa jamaa, na Sahibu alikwenda kwake kula na kunyamaza mbele ya televisheni. Bibi yule hakumwuliza lolote, wala hakumweleza mtu, hata mumewe. Yule ndiye aliyekuwa mwenye stara.

Wapo watakaouliza, kama nilivyoulizwa na mjumbe wa Kamati, iwapo haya si mambo ya wazungu yaliyotuingilia kwa televisheni na simu. Swali hili lina haki ya kujibiwa. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni Mwislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi, na humo alieleza kwamba nafsi huugua kama unavyougua mwili na hutibiwa kama unavyotibiwa mwili. Aliwashauri watu waweke akiba ya fikra za kuwatuliza wakati wangali wazima, kama mtu awekavyo dawa nyumbani. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Tulichokipokea kutoka kwa wageni ni kitu kingine kabisa, nacho ni sheria ya kumwadhibu mgonjwa. Kanuni za adhabu za Afrika Mashariki zilizotungwa wakati wa Waingereza zilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Tanzania Bara iliwekwa katika kifungu cha 217, Kenya katika kifungu cha 226. Waingereza wenyewe waliifuta ya kwao mwaka 1961. Kenya ilisubiri mpaka tarehe 9 Januari 2025, ndipo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kwa kipindi chote hicho ni familia ngapi zilimficha mtu wao kwa kuhofia polisi! Na kwetu Unguja, sisi tuliokuwa watoto wa miaka ya 60 tulilitumia jina la Kidongo Chekundu, mahali ilipo hospitali ya maradhi ya akili, kama tusi la kutaniana. Basi mtu aliyelelewa na tusi hilo atakwendaje huko kwa miguu yake?

Idadi nayo inatisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwamba kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni miongoni mwa sababu tatu kubwa za vifo. Haiwezekani ukoo mkubwa kama wetu, uliotawanyika katika mabara manne, uwe umeepushwa wote.

Lipo hata hivyo jambo moja la Afrika ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua kwa sababu, pamoja na mengine, familia yake ilikosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitali. Nchi yake ilikuwa na madaktari wa akili wachache mno, lakini ilikuwa na mabibi wengi. Kuanzia mwaka 2006 aliwafundisha mabibi wa mitaani kusikiliza, akawaweka kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati, na mwenye dhiki huja akakaa naye. Matokeo ya utafiti uliofanywa juu yao yalichapishwa mwaka 2016 nayo yalionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Malawi na Zanzibar. Nilipousoma nilimkumbuka bibi wa Ruwi na mkate wake.

Sasa nirudi kwa yule binti wa simu. Nilimweleza kwamba ahadi aliyoitoa aliitoa kwa mapenzi, na kwamba mapenzi hayohayo yanamtaka aivunje, lakini asiivunje kwa kificho. Aende kwa rafiki yake kwanza amwambie: "Nilikuahidi, na siwezi. Nitamwambia mtu mzima. Unataka tumwambie nani, na unataka nije nawe?" Amwulize lile swali zito kwa maneno yake ya kawaida. Asiombe kuoneshwa majeraha. Asimwambie aache kwa ajili yake, kama kwamba kuendelea ni kumkosea. Na ikiwa kuna hatari ya usiku huo huo, asingoje ruhusa ya mtu yeyote. Amwite mtu mzima aliye karibu na apige simu ya dharura. Mliopo Marekani na Kanada mnayo nambari 988, na mliopo Uingereza na Ireland kuna Samaritans, chama kilichoanza London mwaka 1953, ambacho hupokea simu usiku na mchana kwa nambari 116 123. Hapa Oman dharura ni 9999, na kuna Hospitali ya Al Masarra iliyoko Al Amerat, iliyofunguliwa mwaka 2013 kwa ajili ya maradhi ya akili. Kamati imekubali kuzichapa nambari hizi ndani ya jalada la kitabu chetu, pamoja na nambari za wajumbe wawili, mwanamke na mwanamme, waliojitolea kupokea simu za vijana wa ukoo.

Na nyinyi wazazi, neno moja. Mkitoka hapa msiende kuwakunjua watoto wenu mikono ya nguo kwa nguvu. Mtoto aliyekaguliwa atahamishia siri yake mahali pengine. Kaeni nao mahali msipotazamana uso kwa uso, garini, jikoni, ufukweni, na mvumilie ukimya wao.

Binti yule alifanya kama tulivyozungumza. Rafiki yake alikasirika, akakata maneno naye siku kumi na moja. Binti alikuwa akizihesabu, akinipigia kila jioni akilia kwamba amempoteza. Siku ya kumi na mbili alimkuta amekaa kwenye kiti chake cha kawaida kantini ya skuli, amemwekea nafasi. Anatibiwa. Mbele ni kwa Mungu.

Kuhusu Sahibu, naye amestaafu kama mimi, na ana wajukuu watano. Mama yake alimzuru kaburini mwaka 1994, tulikwenda pamoja. Hotuba hii sikuiandika bila ya idhini yake. Wiki iliyopita nilimpelekea nakala, akanirudishia ikiwa na wino mwekundu, kama ulivyo utaratibu wa ofisi yetu ya zamani. Sentensi mbili amezifuta, nami sikuzisoma. Na pembezoni, mbele ya ile habari ya kafara, ameandika kwa mwandiko wake mzuri: "Si sahihi. Tuliwalisha kumi na moja. Umemsahau mlinzi."